Deni la wakimbizi: Malawi imdai nani?

Dzaleka, Malawi. Kambi ya wakimbizi ya Dzaleka iko wilayani Dowa, kilomita 40 na ushei kaskazini mwa Lilongwe. Kabla ya kuwa kambi ilikuwa gereza. Enzi za Rais Hastings Kamuzu Banda, waliothubutu kupingana na serikali walifungwa hapa, na jina lenyewe kwa Kichewa huelezwa kuwa ni kauli ya mtu aliyekwisha kukomeshwa: sitarudia tena. Mwaka 1994, mwaka ambao Banda alishindwa uchaguzi, eneo hilo lilifunguliwa kwa watu waliokuwa wakikimbia mauaji ya Rwanda, vita vya Burundi na machafuko ya nchi iliyokuwa ikiitwa Zaire.

Lilipangwa kuchukua watu kati ya 10,000 na 12,000. Sasa wanaishi humo zaidi ya 50,000, wengi wao Wakongomani, wakifuatiwa na Warundi na Wanyarwanda. Msemaji wa Kiswahili akishuka hapo hahitaji mkalimani. Ni lugha kubwa ya sokoni, na hata redio ya jamii ya kambi inaitwa Yetu.

Hesabu ya makazi hayo ina upande mmoja tu. Vita vilipiganwa Kivu, Ituri, Bujumbura na Kigali. Viwanja, maji, kuni, madarasa, zahanati na askari wa ulinzi vimetolewa Dowa. Malawi, mojawapo ya nchi maskini zaidi duniani, imebeba mzigo huo kwa zaidi ya miaka 30, na hakuna utaratibu wowote wa kuipelekea serikali nyingine ankara.

Kinachoiendesha kambi ni michango ya hiari inayopitia Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi (UNHCR) na Shirika la Mpango wa Chakula Duniani (WFP). Wafadhili wakitoa, mgao unatoka. Wakipunguza, mgao unapungua. Umepunguzwa mara nyingi, na vipindi vingine familia zimepata nusu tu ya kile kinachohesabiwa kuwa mahitaji ya mwezi. Tena mgao wenyewe siku hizi hutolewa kwa fedha taslimu badala ya mahindi na maharage. Kwacha iliposhushwa thamani kwa asilimia 25 Mei 2022, na tena kwa asilimia 44 Novemba 2023, kila aliyekuwa na noti mkononi alijua bei za sokoni zingefuata mkondo gani.

Malawi si mgeni wa hesabu za namna hii. Iliwahi kuwa na deni kubwa zaidi la vita vya jirani, na namna lilivyomalizwa, au tuseme lilivyoachwa, inaeleza mengi kuhusu Dzaleka ya leo.

Milioni moja kutoka Msumbiji

Kuanzia mwaka 1986, vita kati ya Serikali ya Frelimo na waasi wa Renamo viliwasukuma Wamsumbiji kuvuka mpaka kwa maelfu kila mwezi. Vita vilipokwisha mwaka 1992, Malawi ilikuwa na wakimbizi zaidi ya milioni moja. Sensa ya 1987 ilihesabu wananchi wake chini kidogo ya milioni nane. Katika wilaya za mpakani kama Nsanje na Mwanza, wageni walifikia kuwa wengi kuliko wenyeji.

Chakula cha kwanza walichokula hakikutoka Geneva wala Roma. Kilitoka kwenye maghala ya wanavijiji, Wasena kwa Wasena, Wachewa kwa Wachewa, Wayao kwa Wayao, kwa kuwa mpaka uliochorwa na wakoloni ulipita katikati ya koo zao. Mashirika yalipofika, malori ya misaada yakaanza kusaga barabara ambazo hazikujengwa kwa uzito huo. Hospitali za wilaya zikatibu wagonjwa wa nchi mbili kwa bajeti ya nchi moja. Misitu ikaishia kwenye mafiga.

Haya yote yangebaki kuwa malalamiko kama isingefanyika kazi moja ambayo hufanyika kwa nadra mno katika masuala ya wakimbizi: kupiga hesabu. Mwaka 1990 Benki ya Dunia iliangalia matumizi ya Serikali ya Malawi yaliyosababishwa na wakimbizi, mbali na fedha zote zilizopitia UNHCR. Ikakuta kwamba hazina ya nchi hiyo ilikuwa imetumia dola za Marekani milioni 9.4 mwaka 1988 na dola milioni 8.4 mwaka 1989. Kwa msingi wa hesabu hiyo ulibuniwa mpango wa dharura wa dola milioni 25, wa kuiongezea nchi uwezo wa kubeba mzigo na kuifidia serikali kile ilichokuwa imetumia.

Angalia aliyetakiwa kulipa. Fidia ilitafutwa kwa wafadhili. Serikali ya Maputo haikuwamo kwenye hesabu hiyo, wala Renamo, wala Pretoria ya makaburu iliyokuwa ikiwapa waasi silaha. Mkataba wa pande tatu wa Desemba 1988 kati ya Malawi, Msumbiji na UNHCR ulihusu watu kurejea kwao kwa hiari. Mkataba wa amani uliosainiwa Roma Oktoba 4, 1992 nao ulizungumzia kurejea kwa wakimbizi. Majirani waliowatunza hawakupewa ukurasa wa malipo.

Sababu haiko mbali. Malawi yenyewe haikuwa na mikono misafi ya kushikia ankara. Septemba 1986 marais Samora Machel wa Msumbiji, Kenneth Kaunda wa Zambia na Waziri Mkuu Robert Mugabe wa Zimbabwe walimfuata Banda hadi Blantyre kumtaka aache kuwapa Renamo nafasi katika ardhi yake. Machel alitishia kufunga mpaka. Mwezi uliofuata Machel alikufa katika ajali ya ndege, na Desemba mwaka huohuo nchi hizo mbili zilisaini makubaliano ya usalama. Baada yake Malawi ilipeleka askari kulinda reli ya Nacala, njia yake ya baharini ambayo Renamo walikuwa wameifunga na kuilazimisha kusafirisha bidhaa kwa mzunguko mrefu kupitia Durban na Dar es Salaam.

Kwa hiyo kama Lilongwe ingeandika: tumelisha watu wenu milioni moja, Maputo ingejibu: waliowafukuza walipita kwenu. Na Lilongwe ingeongeza gharama za mizigo iliyozunguka Afrika Kusini, na Maputo ingeongeza madaraja yaliyolipuliwa. Serikali zote mbili zilikuwa zimefilisika. Zikaona heri kila mmoja akunje daftari lake.

Lakini deni la msaada wa vita halifi kwa sababu serikali zimeamua kutolitaja. Lina namna ya kuhamia kwa mtu mwingine. Mfano ni karanga. Katika mgao wa wakimbizi wa Msumbiji, karanga ndizo zilizokuwa chanzo kikubwa cha vitamini ya niasini, ambayo mtu anayeishi kwa mahindi pekee haipati ya kutosha. Mwaka 1989 ugavi wa karanga ulikatika. Mwaka uliofuata, kati ya Februari na Oktoba, watu zaidi ya 17,000 katika makazi ya wakimbizi ya Malawi waliugua pelagra, ugonjwa wa ngozi kubabuka, kuharisha na akili kuvurugika. Walilipa wao, kwa ngozi zao.

Waliodaiana wakalipana

Wapo wanaosema serikali haziwezi kudaiana gharama za vita na wakimbizi. Historia ya ukanda huu inasema vingine.

Wakati wa Vita Kuu ya Pili, Wapoland wapatao 18,000, wengi wao wanawake na watoto waliotolewa Urusi kupitia Iran, waliletwa Afrika Mashariki na Kati. Waliwekwa Tengeru karibu na Arusha, Ifunda na Kidugala katika nyanda za juu za Tanganyika, Koja na Masindi nchini Uganda, na katika kambi za Rhodesia zote mbili. Hawakulishwa kwa sadaka. Gharama zao ziliingizwa katika mikopo ambayo Uingereza iliipa Serikali ya Poland iliyokuwa uhamishoni London.

Julai 1945 Uingereza iliacha kuitambua serikali hiyo na kuitambua ile ya Warsaw. Deni halikufutika. Juni 1946 London na Warsaw zilisaini mkataba wa fedha uliogusa madeni ya wakati wa vita pamoja na dhahabu ya Poland iliyokuwa imehifadhiwa Uingereza. Serikali mpya ilikabidhiwa daftari la serikali iliyoipinga, na ndani yake yalikuwamo matunzo ya watu ambao wengi wao walikataa kabisa kurudi kuishi chini yake. Haikuwa haki ya kupendeza sana. Lakini ilikuwa hesabu, na ilifungwa.

Mfano wa karibu zaidi ni wa Kampala na Dodoma. Vita vya Kagera vilivyoanza Oktoba 1978 na kumwondoa Idi Amin Aprili 1979 viliiacha Tanzania na majeraha ya uchumi ambayo kizazi cha foleni za sukari na sabuni hakijayasahau. Mwaka 2007, miaka 28 baadaye, Rais Yoweri Museveni alitangaza kwamba Uganda ingeilipa Tanzania dola milioni 67 zilizotokana na vita hivyo. Ni sehemu ndogo tu ya gharama yote. Kilichowezesha hata hicho kidogo ni kwamba kulikuwa na serikali mbili zenye urafiki, na deni lenye tarakimu.

Mfano wa tatu unaigusa Dzaleka moja kwa moja. Desemba 19, 2005 Mahakama ya Kimataifa ya Haki mjini The Hague iliamua kwamba Uganda ilivunja sheria ilipopeleka majeshi yake Kongo, na kwamba ilikuwa mkaliaji wa eneo la Ituri. Nchi hizo ziliambiwa zielewane kuhusu fidia. Hazikuelewana. Kongo ilidai zaidi ya dola bilioni 11. Februari 9, 2022 mahakama ikaamuru dola milioni 325, zilipwe kwa awamu tano za dola milioni 65 kila mwaka kuanzia Septemba 2022. Milioni 225 ni za madhara kwa watu, wakiwamo waliouawa na waliofukuzwa makwao. Milioni 40 ni za mali, na milioni 60 ni za maliasili. Uganda ilianza kulipa mwaka huohuo.

Hukumu hiyo imehesabu maiti, nyumba na dhahabu. Haikuhesabu nchi iliyompokea aliyefukuzwa, na haikuweza, kwa sababu Malawi haikuwa mdaawa. Mkongomani wa Ituri aliyefika Dowa anatajwa katika fidia kama mhanga. Chakula alichokula Dowa hakitajwi popote. Na mwenzake wa Kivu Kusini hana hata hiyo hukumu ya kushika. Kesi ambayo Kongo iliifungua dhidi ya Rwanda ilitupwa Februari 2006, mahakama ikisema haina mamlaka ya kuisikiliza.

Hata fedha zilizokwisha kulipwa zina safari ndefu. Kinshasa iliunda mfuko maalumu, FRIVAO, wenye makao yake Kisangani, mji uliopigwa mabomu na majeshi ya Uganda na Rwanda kwa siku sita mwezi Juni 2000. Mwaka 2025 Waziri wa Sheria wa Kongo, Constant Mutamba, alijiuzulu kutokana na tuhuma kuhusu zaidi ya dola milioni 19 zilizokuwa zimetengwa kwa ujenzi wa gereza mjini humo. Septemba mwaka huo Mahakama ya Kasasheni ikamhukumu miaka mitatu ya kazi ngumu. Mwenyewe alikana. Kwa mkimbizi wa Dzaleka habari hiyo ina ladha chungu ya pekee: fidia ya vita iliyotajwa katika habari za gereza, huku yeye akiishi kwenye kiwanja cha gereza.

Ankara ikafika Lilongwe

Malawi ilijiunga na Mkataba wa Wakimbizi wa 1951 mnamo Desemba 1987, katikati ya wimbi la Msumbiji. Ilijiunga kwa masharti. Iliweka kando wajibu katika vifungu kadhaa, vikiwamo vya haki ya kuajiriwa, elimu ya umma na uhuru wa kwenda utakako. Kwa nchi iliyokuwa ikipokea maelfu kila wiki bila kujua nani atalipa, hofu hiyo inaeleweka. Lakini masharti hayo yamebaki, na ndiyo yanayomfunga Mkongomani wa leo. Kwa sheria, anapaswa kukaa kambini. Kwa mgao ulivyo, hawezi kukaa kambini akashiba.

Kwa miaka mingi pande zote zilifumba jicho. Wakimbizi walihamia Lilongwe, mji ambao mitaa yake mingi inaitwa kwa namba, wakafungua maduka ya vyakula na vitambaa, wakaoa na kuolewa, wakalipa kodi za pango. Kila familia iliyofanya hivyo ilikuwa imeipunguzia WFP mdomo na imeiongezea Malawi mteja. Wafanyabiashara wenyeji hawakuliona hivyo, na malalamiko yao kuhusu ushindani yalipata masikio serikalini.

Agizo la kurudi kambini lilitolewa kwanza mwaka 2021, likakwama mahakamani. Machi 27, 2023 likarudi: wote wawe Dzaleka ifikapo Aprili 15. Tarehe hizo hazitenganishwi na hali ya nchi. Wiki mbili kabla, Kimbunga Freddy kilikuwa kimepiga kusini mwa Malawi, kikaua mamia na kuwaacha zaidi ya nusu milioni bila makazi. Nchi iliyokuwa ikitafuta turubai kwa ajili ya raia wake ndiyo iliyokuwa ikiulizwa kuhusu wageni.

Mei 17, 2023 polisi walianza msako mjini Lilongwe. Maduka yalifungwa, watu wakakamatwa, na kwa mujibu wa mashirika ya haki za binadamu baadhi, wakiwamo watoto, walipitia Gereza la Maula kabla ya kupelekwa Dzaleka. Serikali ilitaja usalama na sheria. Sheria ipo, hilo halina ubishi. Ila matokeo yake kihesabu ni ya ajabu: watu waliokuwa wakijilisha walirudishwa kwenye orodha ya kulishwa, katika kambi iliyokwisha kujaa mara nne na zaidi, kwa mgao uliokuwa ukipungua.

Meza mbili, kiti kimoja

Mkataba wa Wakimbizi wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika wa 1969 una ibara inayoihusu hali hii. Ibara ya pili inasema nchi inayoelemewa inaweza kuzitaka nchi wanachama nyingine zisaidie, nazo, kwa moyo wa mshikamano wa Kiafrika, zichukue hatua za kuipunguzia mzigo. Makubaliano ya Dunia kuhusu Wakimbizi ya Desemba 2018 yanasema jambo lilelile kwa maneno mengi zaidi. Hakuna kati ya hayo mawili linalotaja kiasi, tarehe ya kulipa, wala mahali pa kupeleka madai.

Kuna tatizo jingine ambalo wanadiplomasia hulitaja kwa nadra. Kongo, Burundi na Rwanda, nchi zilizotoa karibu wakazi wote wa Dzaleka, zote ni wanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Malawi si mwanachama. Mawaziri wa jumuiya hiyo wanapokutana Arusha kujadili amani ya maziwa makuu, nchi inayowatunza watu wao haimo chumbani. Inakutana na Kongo kwenye meza ya Jumuiya ya Maendeleo ya Kusini mwa Afrika (SADC), ambako Burundi na Rwanda hazimo. Mkutano wa pamoja wa wakuu wa jumuiya hizo mbili, uliofanyika Dar es Salaam Februari 8, 2025 baada ya Goma kutekwa na M23, ulikuwa nafasi adimu ya kuwakuta wadaiwa wote na mdai wao mahali pamoja. Ajenda ilikuwa kusitisha mapigano. Hesabu ya Dowa haikuwa sehemu yake.

Na Malawi haikuwa imelipa kwa viwanja na mahindi peke yake. Ilikuwa na askari katika kikosi cha SADC mashariki mwa Kongo, pamoja na Tanzania na Afrika Kusini. Watatu kati yao walikufa katika mapigano ya Januari 2025 kuelekea kuanguka kwa Goma, na siku chache baadaye Rais Lazarus Chakwera akaamuru maandalizi ya kuwaondoa waliobaki. Wakati huohuo wapo waliokuwa wakizikimbia bunduki hizohizo na kushika njia ya kusini.

Kama kuna jambo linaloweza kufanywa na Lilongwe yenyewe, bila kusubiri Arusha wala The Hague, ni lile lililofanywa mwaka 1990: kuandika tarakimu. Dola milioni 9.4 na milioni 8.4 zilileta mpango wa milioni 25 kwa sababu zilikuwa zimeandikwa, mwaka kwa mwaka, kutoka vitabu vya hazina. Hesabu kama hiyo ya Dzaleka, ikionyesha pia kodi na pango ambavyo wafanyabiashara wakimbizi walikuwa wakilipa mjini kabla ya Mei 2023, ingeipa Malawi kitu cha kuweka mezani. Huenda pia ingeionyesha kwamba masharti yake ya 1987 yanaigharimu kuliko yanavyoilinda.

Muda wa kusubiri haupo. Machi 2024 Malawi ilitangaza hali ya janga katika wilaya 23 kati ya 28 kwa sababu ya ukame. Desemba mwaka huohuo, ghasia za baada ya uchaguzi wa Msumbiji ziliwavusha maelfu ya watu Mto Shire hadi wilayani Nsanje, baadhi kwa mitumbwi, wakiwa na watoto na mabegi. Wengi wao walipangiwa kukaa Nyamithuthu, kambi ileile iliyowapokea Wamsumbiji wa vita vya miaka ya 1980.